Nilimfichia Mwenzangu wa Mashine, Leo Ananiita Mzembe

Admin, nifichie jina, na kampuni pia usiitaje, kwa sababu bado nakaa kwa nyumba yao. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, baba wa watoto wanne. Nilitoka upande wa ziwa nikiwa kijana nikaja kuchuma majani chai huku Kericho, na watoto wangu hawajui kwingine. Hii simu naibonyeza kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa hivyo mtanivumilia. Niko na hasira, sitawadanganya.

Siku hizi hatuchumi sana kwa mikono, ni mashine. Kwa wale hawajaiona, ni chuma kirefu kiko na meno ya kukata. Watu wawili wanaishika, mmoja huku na mwingine kule, mnatembea mkiipitisha juu ya majani. Ukipewa mwenzako wa mashine ni kama umeoa. Kilo zenu zinaandikwa pamoja, na yeye akiumwa na tumbo, wewe pia hakuna kazi siku hiyo. Wangu nitamwita Kiprono. Alishika upande wa injini miaka mitatu, mimi nikashika ule mwingine. Mtoto wake wa kwanza akibatizwa, mimi ndiye nilisimama kama baba wa ubatizo.

Sheria inasema kijiti kikikwama kwa meno, zima injini kwanza. Nani anazima, bana? Kuiwasha tena ni kuvuta kamba mpaka bega liume, na wenzenu wameshawaacha mbali. Sisi tulikuwa na mtindo wetu. Kiprono anapunguza moto, meno yanasimama, mimi natoa kijiti, nasema "twende," ndio anaongeza. Siku hiyo sikuwa nimesema twende. Alikuwa amegeuka, anabishana na mtu wa mstari wa pili mambo ya mpira, akaongeza moto mkono wangu ukiwa bado ndani. Niliona damu kwa majani hata kabla nisikie uchungu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilienda, na cha tatu hakikunji mpaka leo.

Kiprono alifika hospitali kabla ya watu wa ofisi. Alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima, analia. "Baba Achieng, wakijua ni mimi nafutwa leo leo. Bibi yangu ako na mimba. Sema uliingiza mkono bila kuniambia. Mimi nitakusimamia mpaka mwisho, haki ya Mungu." Nikamhurumia. Karani alipokuja na fomu nikasema kosa ni langu, nikatia sahihi. Bibi yangu aliniuliza, "Na wewe umefaidika nini?" Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wanaume. Wueh! Ningejua.

Nikiwa nyumbani napona, kampuni ilikuwa inahangaika. Mtu anafundishwa mashine, mwezi ukiisha ameacha kazi ameenda Naivasha kwa mashamba ya maua. Wakaleta madam mpya ofisini, na huyo hakuzunguka. Alituambia kwa mkutano, "Watu wanaenda kwa sababu wanaona mwenzao akiumia anatupwa. Kuanzia sasa aliyeumia atarudi, tumtafutie kazi anayoweza." Jamani, nilifurahi. Kulikuwa na nafasi kwa kibanda cha mizani, kusoma kilo na kuandika, na nilikuwa nimeshajizoeza kuandika na kushoto. Ilibaki tu nyapara wa shamba aseme kama nafaa.

Na nyapara ni nani? Kiprono. Alipandishwa cheo nikiwa bado na bandeji. Nikaambia bibi yangu hiyo kazi ni yangu.

Alhamisi tukaitwa ofisini. Kiprono hakuniangalia hata kidogo. Akasema, "Madam, huyu ni rafiki yangu, lakini kazi ni kazi. Ni mzembe, na yeye mwenyewe alikubali kwa fomu. Mtu wa kuingiza mkono kwa mashine bila kuambia mwenzake, kweli utamwachia mizani?" Nikainuka nikatoka kabla madam amalize.

Alipotoka nikamshika shati. "Kiprono, ni mimi unaniita mzembe?" Akajibu pole pole, "Baba Achieng, hapo mizani kila mtu atakuuliza uliumia aje. Iko siku utasema. Afadhali urudi nyumbani kwenu upumzike." Kumbe ananiogopa! Nilimpa vidole vyangu, na yeye anataka nihame na siri yake. Asante ya punda ni mateke. Nililia njia yote mpaka kwa mlango.

Jioni madam akanipigia. "Mzee, kuna kitu hujaniambia. Njoo Jumatatu asubuhi uniambie, la sivyo nafunga faili." Faili ikifungwa, nyumba pia imeenda, na Achieng yuko kidato cha nne hapa hapa. Lakini nikisema ukweli, nimekubali nilidanganya kwa fomu, na wanaweza kunifuta kwa huo uongo. Kiprono naye atafutwa, na yule mtoto niliyemsimamia atakula nini? Bibi yangu anasema nitoboe hiyo siri. Mzee wa kanisa anasema nisamehe.

Kusamehe labda nitaweza. Kitu kinaninyima usingizi ni kingine. Kiprono ndiye anafundisha wapya, na anawafundisha ule mtindo wetu, ati kuzima ni kupoteza wakati. Juzi nilipita nikaona msichana mgeni ameingiza mkono, na mwenzake wa injini anaangalia simu. Nilipiga kelele mpaka wakaruka wote wawili. Wakanicheka.

Basi niambieni nyinyi, naingia kwa madam niseme yote, ama ninyamaze? Lakini tafadhali msiniandikie nimwachie Mungu. Jumatatu hiyo hiyo kundi lingine linashika mashine, na mwalimu wao ni Kiprono.