Tovuti Iliyosalimia Mno

Nilimtengenezea shangazi yangu tovuti iliyosalimia watu mpaka wakaondoka. Leo nikilisimulia jambo hili watu hucheka, na mimi nacheka nao, ila moyoni bado linaniuma.

Shangazi alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda katika soko la Kimironko, hapa Kigali. Alishona umushanana, lile vazi la heshima ambalo wanawake wa kwetu hujitanda begani siku za harusi, na alijua kukata kitambaa kikamkaa mtu vizuri hata akicheza. Ndiye aliyenilea tulipokuwa Tanzania, na tuliporudi Kigali ndiye aliyenisomesha. Nilipojifunza kutengeneza tovuti, nikaona zamu yangu ya kumfanyia jambo imefika.

Basi nikaitengeneza kama tunavyokwenda kuposa. Kwetu, wajumbe wa upande wa mvulana wakifika kwa wazazi wa msichana hawasemi wamefuata nini. Wanakaa, wanasalimia, wanakunywa, wanasifu ng'ombe na mvua, na msemaji anayekimbilia jambo lenyewe huonekana hakulelewa. Nikasema mteja naye ni mgeni, apokelewe. Ukifungua, kwanza ilikuja video ya ngoma. Kisha salamu kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, zote zikifuatana, asije mtu akajiona ametengwa. Kisha historia ya ukoo wetu, tulikoishi na tulivyorudi. Kisha picha za nguo, kubwa kubwa. Namba ya simu niliiweka chini kabisa kwa herufi ndogo za kijivu, maana kuanza na namba niliona ni sawa na kumdai mgeni hela akiwa bado mlangoni.

Wakubwa wa familia walikusanyika nyumbani kwetu Rebero, kule mlimani, kuiona, nami nikaifungua kwenye televisheni ya sebuleni. Baba mdogo alifuta machozi ilipofika historia ya ukoo. Walipiga makofi, nami kichwa kikavimba. Sikufikiria kwamba pale hapakuwa na mtu hata mmoja aliyehitaji nguo, na kwamba wote walikuwa na namba ya shangazi tayari.

"Sasa achana na kibanda," nikamwambia shangazi. "Shonea nyumbani. Wateja watakuona kwenye simu, watapanda wenyewe huku Rebero."

"Una hakika, mwanangu?"

"Shangazi, niamini."

Akaniamini. Kibanda kikachukuliwa na fundi mwingine upesi, maana Kimironko nafasi haikai wazi.

Akawa anashinda sebuleni na cherehani yake, simu iko mezani. Jioni nikirudi kazini aliniambia, "Hebu nipigie, nione kama simu yangu iko sawa." Nampigia, inaita, anapokea na kunikaribisha kama mteja, tunacheka. Siku zilivyozidi akaacha kupokea. Aliisikiliza tu ikiita, kisha akairudisha mezani. Ningepaswa kuelewa hapo. Badala yake niliongeza picha.

Nilikuja kuelewa kwenye sherehe ya posa ya rafiki yangu. Mama niliyekaa naye meza moja alikuwa akisifiwa umushanana wake, nami nikamuuliza kwa nini hakushonesha kwa shangazi yangu wa Kimironko.

"Yule mama? Nilimutafuta sokoni, wakaniambia iko na tovuti. Nikafungua. Iko inasalimia tu, inasalimia tu! Nikaona ni ya kanisa, na bando yangu inaisha. Nikashonesha kwa fundi ule iko sasa kwa kibanda ya yule mama."

Nikaazima simu yake nikaifungua mwenyewe. Ngoma ilikwama, salamu zikajaa kioo kizima, na namba hata mimi niliyeiweka sikuiona, kwa jua la pale uani. Sikuwahi kuijaribu popote zaidi ya kompyuta ya ofisini na ile televisheni. Mambo haya hufundishwa mwanzo kabisa: jaribu kwenye simu ndogo, punguza uzito wa picha, mteja aone haraka unauza nini na atakupataje. Nilifundishwa. Nilidhani ni sheria za watu wasio na adabu.

Hata hivyo nilichelewa kuirekebisha, kwa sababu kuifuta historia ya ukoo kulitaka niwaeleze wakubwa, nami niliona haya. Nikiwa bado naona haya, shangazi alipata kazi Kabuga kwa mama mmoja mwenye duka la nguo, akahamia huko. Alifunga mizigo yake bila neno la lawama. Afadhali angenigombeza.

Mwishowe nilitengeneza ukurasa mmoja tu: picha ya umushanana, maneno machache, na namba juu kabisa kwa herufi nene. Nikapanda basi hadi Kabuga, nikamkuta amezungukwa na sare za shule. Nikamwambia aufungue kwenye simu yake mwenyewe, ile ya bei nafuu. Ukafunguka papo hapo. Uso wake ukachangamka.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Mtu anaona, anapiga."

Kisha akaangalia kule dukani, akashusha sauti.

"Sasa toa namba yangu, mwanangu. Weka ya bosi. Siku hizi ninachoshona chote ni chake."

Akanitajia namba ile kwa kichwa, polepole, nisije nikakosea.