Harusi Zilizoziba Njia ya Malori

Mwanangu, kabla hujafunga huo mkoba wako, kaa nikusimulie. Nakumbuka asubuhi moja kisiwani kwetu Nzwani, pale mjini Mutsamudu, nilipoamka nikadhani nimelala mawinguni. Chumba kizima kilikuwa cheupe. Shuka nyeupe, nywele zangu nyeupe, hata paka aliyelala dirishani alikuwa mweupe, na jana yake alikuwa mweusi tititi. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni vumbi la mawe. Kilimani, nyuma ya ngome, walikuwa wameanza kulipua mwamba kwa baruti wapate mawe ya kujengea gati jipya, na vumbi lilitushukia polepole tukiwa usingizini.

Ilikuwa miaka ile ya askari mamluki. Wazungu wachache wenye bunduki walikuwa wameishika nchi, na amri zao zilitoka huku Moroni tulipo sasa, zikatufikia sisi kule redioni. Nami sikulichukia lile gati, la hasha! Kijana gani hapendi kuona mji wake ukikua? Lakini chemchemi iliyotoka chini ya mwamba ule, tuliyokunywa sote, ikaanza kutoa maji ya rangi ya maziwa. Watoto wakaumwa matumbo. Wanawake wa Patsy, kijiji cha juu yetu, waliposhuka sokoni wakatuambia kwamba mashamba yao kadhaa yamezungushiwa waya, na mtu aliyeuliza sababu alipigwa mbele ya mkewe. Tulisikia, tukanyamaza, tukanunua ndizi zao tukarudi nyumbani.

Kisha zamu yetu ikafika. Mwamba uko juu, bahari iko chini, na katikati ndipo palipokuwa na kichochoro chetu, chembamba hivi kwamba wanawake wawili wenye makapu hawapishani mpaka mmoja ajibanze ukutani. Walitaka kubomoa nyumba za upande mmoja ili malori yapite. Akaja mzungu mmoja na mkalimani wake na askari wa kwetu, wakawaita wanaume kwenye uwanja wa msikiti, wakawauliza kama wanakubali. Wanaume wakaitazama bunduki, wakaitikia kwa kichwa. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Unajua kwetu nyumba ni ya binti. Baba huanza kuijenga binti akiwa bado ananyonya, mwaka huu ukuta, mwaka ujao ngazi, na siku ya harusi mume ndiye anayehamia. Baba alikuwa amekubali kitu kisicho chake. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alimngoja mlangoni amejitanda nguo yake ya shiromani, na alipokasirika yule bibi, hata kuku walitafuta pa kwenda.

"Umewapa nyumba ya nani?"

"Mama, yule mtu ana bunduki."

"Bunduki nimeiona. Nimekuuliza nyumba ya nani."

Baba akakaa kwenye ngazi akalia. Mimi nikaona nimwokoe. Nikasema, "Koko, si watatupa nyingine kule Hombo? Tena ya bati jipya."

Lo! Nilijuta kufungua mdomo. "Huna haya wewe mtoto? Na chemchemi watakupa nyingine? Na majirani hawa utawapakia kichwani uende nao Hombo?" Kisha sauti yake ikalainika, akasema, "Jiandae. Utaolewa wiki hii."

Nilikuwa nimeposwa na seremala mmoja, Saidi, lakini harusi yenyewe ilikuwa mbali. Dari ilikuwa haijakwisha. Nguo yangu ilikuwa bado iko kwa fundi. Nililia, mwanangu, kwa sababu msichana huota harusi yake miaka mingi, na yangu ilikuwa inachukuliwa kuziba njia. Lakini Koko alijua anachofanya. Kwetu bwana harusi akishaingizwa, maharusi hukaa ndani siku zao, na nyumba hiyo hakuna anayeigusa. Hata mwenye ugomvi na ukoo huvua viatu akaingia kula.

Siku malori yalipokuja nilikuwa chumba cha ndani, uso umepakwa liwa, hina bado mbichi mikononi. Harufu ya udi na ya langilangi ilinilevya. Nilisikia tari, nilisikia vigelegele, na chini yake nikasikia injini zikinguruma, zikaja zikaungana na ngoma, hata nisijue kipi ni kipi. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha. Nikasogea dirishani.

Koko alikuwa katikati ya njia na sinia la pilau. "Karibuni harusini, wanangu," aliwaambia wale askari wa kwetu. "Viatu mlangoni."

Mmoja akainama akafungua kamba. Mwenzake akafuata. Wakaingia wote, soksi zimetoboka, macho chini kwa aibu, wakala. Mzungu akabaki na malori yake, akipiga kelele kwa lugha ambayo siku ile hakuna aliyetaka kutafsiri, hata mkalimani, kwa maana naye alikuwa ndani anatafuna.

Siku zangu zilipokwisha, ngoma ikahamia nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Hata Bi Echati, mjane aliyeapa kwamba hataki tena kumwona mwanamume kitandani mwake, aliolewa, na akanuna harusi nzima. Mwisho wale watu wakachoka. Wakaipitisha barabara yao ng'ambo, juu ya mashamba ya Patsy, na kule hakukuwa na nyumba ya kuchezea ngoma. Mwamba ukaendelea kulipuliwa, na chemchemi ikakauka. Nyumba yangu ipo mpaka leo, Saidi nilimpenda baadaye, tena sana, lakini nikikutana na mtu wa Patsy mimi hushindwa kumtazama usoni.

Sasa wewe umepata kazi kwenye mradi huo mkubwa, na kesho wanakutuma vijijini uwaulize watu kama wanakubali ardhi yao ichukuliwe. Sikukatazi. Ila usiende na mtu mwenye silaha, kwa sababu anayeulizwa mbele ya bunduki hajaulizwa. Usiridhike na wanaume wa uwanjani. Ingia jikoni, uwaulize wenye nyumba. Uliza maji yatapita wapi. Na wakikuonyesha njia nyingine iliyo rahisi, panda ukaone nani anaishi huko.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani, akupe maji safi popote utakapolala na mlango ambao hautavunjwa juu yako. Na mtu akikuambia hapana, Mungu akupe moyo wa kurudi Moroni ukawaambia amesema hapana. Amin.