Treni ya Makopo na Mlima wa Pumba

Jumamosi iliyopita niliaibika mbele ya watu wazima wenzangu. Chama chetu cha treni ndogo hapa Dar es Salaam kilikuwa kimepata injini mpya ya umeme, fupi kama kiganja, na ilipozama kwenye handaki nikajikuta nimepanda juu ya kiti, mikono kichwani, nikipiga kelele, "Toka! Toka!" Wenzangu walicheka mpaka machozi. Wewe usicheke kwanza. Ugonjwa huu niliupata Ifakara nikiwa na miaka tisa.

Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno ilinguruma tangu asubuhi, na pumba zilimwagwa uwanjani mpaka zikawa mlima mrefu kuliko mwalimu wetu. Ukicheza pale unarudi nyumbani unawashwa shingo nzima, na harufu ya mchele mpya haikutoki puani hata unapokula. Watu wazima waliona takataka. Sisi tuliona Udzungwa, milima inayopitiwa na reli karibu na kwetu, na tukaona aibu Udzungwa yetu kukosa reli.

Basi tukaanzisha chama. Kiingilio kilikuwa kopo moja la samaki lisilo na kutu, nami nililitafuta kwa jasho, maana bibi yangu alikuwa hatupi kopo. Niliosha vyombo wiki mbili ndipo akaniachia moja. Makopo yalikuwa mabehewa, vizibo vya soda magurudumu, mianzi iliyopasuliwa ndiyo reli. Mahandaki matatu yalikuwa madumu ya mafuta tuliyoyakata huku na huku, tukayafukia kwa pumba. Treni ilivutwa kwa mishipi miwili ya kuvulia tuliyoomba kwa wavuvi wa Kivukoni, pale mtoni kwetu Ifakara: mmoja mbele, mikononi mwa dereva, mwingine nyuma kwa safari ya kurudi. Abiria walikuwa punje za mahindi, pamoja na padri mmoja, haragwe jeusi. Sheria ilikuwa kali: treni ikiwa handakini, hakuna kuingiza mkono. Ukiingiza umeua abiria, na hutaendesha tena.

Mwenyekiti wetu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyepanga zamu za udereva, mtu mmoja kila siku. Mimi nilijiunga mwisho, tena msichana peke yangu, nikawekwa mkiani. Nikasubiri kama watu wanavyosubiri Krismasi. Ilipobaki siku moja tu, mwenye mashine akatutangazia kwamba kesho mchoma matofali anakuja na mkokoteni wa ng'ombe kuzoa pumba zote za kuchomea tanuri. Kesho ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Nililia vibaya. Bibi akanitazama tu akaniambia, "Sasa machozi hayo yatazuia ng'ombe? Amka mapema."

Asubuhi nilifika hata mashine haijawashwa. Wenzangu walikuja wanapiga miayo, tukapakia abiria, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupiga honi kwa mdomo. Handaki la kwanza, ikatoka. La pili, ikatoka, tukarukaruka kama wendawazimu. La tatu ikaingia, mshipi ukakaza, na haikutoka. Nikavuta. Wapi! Hapo hapo nikasikia magurudumu ya mkokoteni, na ng'ombe wanne wakaingia uwanjani wakiongozwa na mchoma matofali, Msukuma mrefu mwenye koleo begani.

"Shikamoo," tukasema wote.

"Marahaba. Haya, sogeeni nipakie."

"Baba, bado kidogo," nikasema. "Treni imo ndani. Ina abiria."

Nilijua atacheka. Akachuchumaa, akaugusa mshipi wangu kwa kidole kimoja.

"Unalazimisha," akasema. "Hata mkokoteni ukizama kwenye tope huuvuti hivyo. Unaurudisha nyuma kwanza, halafu ndiyo unaenda."

Mwenyekiti akakimbilia upande wa pili wa mlima, akaushika mshipi wa nyuma, akavuta kidogo, kidogo tena. Nikasikia mkononi kwamba kopo limelegea. Nikavuta taratibu. Pumba zikamwagika kwenye mdomo wa handaki, kisha kopo langu, lile la bibi, likachungulia!

Sijui nani alianza kupiga kelele. Najua Msukuma alirusha kofia yake juu. Tulihesabu abiria, wote wazima, padri naye mzima. Sijawahi tena kufurahi namna ile, na nimeshaolewa na nimejenga.

Msimu uliofuata pumba zilijazwa kwenye magunia pale pale mashineni, hazikupata nafasi ya kuwa mlima. Mwenyekiti alihamia Mlimba na wazazi wake, chama kikafa bila mkutano. Sasa hata mashine yenyewe haipo, na bibi naye tulishamzika.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tulimsaidia Msukuma kupakia mpaka uwanja ukabaki mtupu, madumu matatu na reli yetu vikiwa peupe. Mkokoteni ulipoondoka kwa safari ya mwisho, tukajipanga mstari mmoja kama watu wa stesheni na kupunga mikono mpaka ukapotea. Treni ilikuwa miguuni petu, imetulia. Mlima ndio uliosafiri.