Ukuta Wenye Tumbo

Juzi, katika duka moja la mjini Kasongo, niliona mkeka wa ukutani umevimba katikati. Nilijikuta nausogelea na kutega sikio.

Nilipokuwa mdogo, mama akiwa na mimba kubwa, shangazi alibandika mikeka ya majani ya miwale chumbani mwa mama ili mtoto asikute kuta za udongo mtupu. Nyumba nzima ilinuka gundi ya muhogo, kama uji ulioanza kuchacha. Baada ya mvua, mkeka mmoja ulitokeza tumbo lililokuwa likichakacha ndani. Sasa najua kwamba udongo ulikuwa bado mbichi na gundi ilikuwa imeachia. Siku ile niliona tumbo tu, kama la mama.

Shangazi alipoweka viganja ukutani na kuanza kulisukuma, nilimrukia mkono huku nalia.

"Tantini, acha! Utamuumiza mutoto!"

Alinitazama, akautazama mlango wa chumba alimolala mama, akashusha mikono.

"Basi, tumuache," alisema polepole. "Iko na siku yake."

Mdogo wangu alipozaliwa, shangazi alirudi na bakuli la gundi, akaniuliza mimi kwanza kama sasa anaweza. Niliweka sikio ukutani, nikasikiliza sana, nikamwambia ndiyo.