Nilivyorudi Kukaa Shikome

Mwadila, ndugu zangu. Naitwa Luhende, mkulima wa pamba na mfugaji wa hapa Lalago. Namshukuru Mungu kwa pumzi hii ninayosemea. Nasema kwa ajili ya yule aliyeungua akapona ngozi, lakini mpaka leo akinusa moshi anatafuta mlango.

Kabla ya moto nilikuwa mtu wa kujisikia, na sioni aibu kusema hivyo. Ng'ombe wangu walikuwa wanene na pamba yangu nyeupe. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, baada ya sisi kuuzia ushirika peke yake miaka nenda miaka rudi, nao walinibembeleza kama bibi harusi. Jioni niliwasha shikome. Kwa asiyejua, shikome ni moto wa samadi kavu unaowashwa karibu na zizi. Wanaume wa nyumba hukaa hapo, wageni hupokelewa hapo, na mambo makubwa ya familia husemwa hapo. Mji usio na shikome, watu huuliza kama una mwenyewe.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, nikahamishia ng'ombe upande wa Bukundi kutafuta malisho. Mchana mmoja niliona moshi. Mtu alikuwa anasafisha shamba, moto ukamponyoka. Nikadhani uko mbali, nikaendelea kumtoa ng'ombe mmoja mwiba kwenye kwato. Upepo ukageuka. Nyasi zilinifika kiunoni, kavu kabisa, na moto ulikuja kwa kishindo kama mvua kubwa juu ya bati. Ng'ombe wakatawanyika. Kuukimbia nisingeweza, mbio zake zilikuwa kubwa kuliko zangu. Nikajifunika shuka kichwani, nikaupita katikati mpaka upande uliokwisha kuungua. Shuka lilikuwa limeshika moto mgongoni, nikalizima kwa mikono yangu.

Mwanzoni sikusikia maumivu. Nilisikia harufu ya nywele zangu, na ng'ombe wangu wakilia upande wa pili. Ng'ombe anayechinjwa halii vile.

Wafugaji wa Kitaturu walinikuta hapo. Walinibeba kwa machela ya miti hadi barabarani, wakasimamisha lori lililokuwa linapeleka pamba Bariadi. Dereva alinilaza juu ya mzigo ili nisirushwerushwe. Alitenda wema na ninamwombea baraka mpaka leo, ila pamba ilinata kwenye vidonda vyote. Kule hospitali wauguzi walianza kwa kunichambua nyuzi, moja moja, mkulima nimegeuka zao.

Niliungua miguu, mgongo na mikono. Malengelenge yalipasuka, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nililalia tumbo. Bandeji zilipobanduliwa asubuhi niling'ata kitambaa ili nisilie, maana nilijiona mwanaume. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniambia, "Lia, baba. Hapa hatugawi zawadi kwa wasiolia." Siku hiyo nililia mpaka wodi nzima ikanyamaza. Vidole navyo vilitaka kushikana wakati wa kupona, ikabidi vinyooshwe kila siku. Mke wangu Kwandu alivinyoosha yeye mwenyewe, huku akinitania kwamba nimejaliwa sauti, nijiunge na kwaya yao ya kanisani.

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani, nikijua nimepona. Jioni ya kwanza wanangu waliniwashia shikome kwa furaha. Moshi uliponifikia, sikumbuki nilivyoinuka. Nilijikuta nyuma ya banda la mbuzi, suruali imelowa mkojo.

Tangu hapo sikukaa tena shikome. Kwandu akipika, mimi nilikwenda mbali. Ulipofika wakati wa kuchoma masalia ya pamba mashambani, nilijifungia ndani nikiwasikia ng'ombe wale wakilia, na hakukuwa na ng'ombe. Nikatafuta njia ya kujificha. Maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena, nikanunua tochi kubwa na kutangaza kwamba kukaa kwenye moshi kumepitwa na wakati, mimi nimeendelea. Watu walicheka, wakaamini. Wanangu wakawa wanakwenda kuota moto kwa kaka yangu Maduhu, na mimi nikabaki na betri zangu.

Kwandu hakudanganyika. Alinipeleka zahanati akidai makovu yananiwasha, kisha akamweleza daktari kila kitu, mimi nimekaa hapo hapo. Daktari hakucheka. "Huo si woga wa tabia," akaniambia. "Mwili wako bado unadhani uko kule kwenye nyasi. Dawa ya kumeza sina. Usogelee moto mdogo ukiwa na mtu unayemwamini, na usiondoke mpaka hofu ishuke yenyewe. Kesho yake unarudia." Nilitoka nimenuna. Mtu nimepita katikati ya moto wa pori zima, naambiwa nikacheze na kibiriti.

Kisha ikaja posa ya binti yetu mkubwa, Minza. Wakwe wakapanga siku ya kuja kuzungumza mahari, jioni, shikome, kama inavyotakiwa. Kaka Maduhu akanijia mapema. Aliongea kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko dharau.

"Wewe utapumzika ndani," akasema. "Nitawaambia unaumwa. Nitakaa mimi kama baba yake."

Minza nilimbeba mgongoni mimi. Sasa mtu mwingine akae mahali pangu ningali hai, nami nachungulia dirishani? Nilimwambia Kwandu alete kibiriti.

Tulianzia uani. Njiti ya kwanza niliitupa kabla haijawaka vizuri. Kwandu akanipa nyingine, akanishika kifundo cha mkono. Tulipotoka kwenye njiti tukaenda kwenye kijinga cha moto, kisha samadi kidogo ndani ya kigae. Kuna siku niliweza, na kuna siku nilitapika. Daktari nilimsema maneno mabaya sana, lakini alisema kweli: hofu hupanda, ikafika mwisho wake, halafu ikashuka. Ila yangu ilishuka Kwandu akiwa kando yangu tu. Nikiwa peke yangu nilikimbia.

Hapo pakawa na kazi. Kwetu wanawake hawakai shikome, tena siku ya wakwe. Maduhu aliposikia ninachotaka, alisema nitaiaibisha familia. Nilimjibu kwamba aibu ya nyuma ya banda la mbuzi nimeibeba muda wote huo, hii nyingine ni nyepesi.

Siku ikafika. Tulisalimiana na wakwe, nikakalia kigoda changu. Kwandu akaweka chake kando, akakaa. Wazee wakatazamana. Baba wa kijana, mzee mmoja mkavu wa Maswa, akauliza kwa heshima kama mama ana shida.

Nilinyoosha mikono yangu aione. Nikasema, "Mzee, moto uliniunguza, na mpaka sasa nauogopa. Mama Minza akiondoka hapa, nami nitaondoka, na mtakosa wa kuzungumza naye. Akikaa, nakaa mpaka mwisho."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliitazama mikono yangu, kisha akasogeza kigoda chake kumpa Kwandu nafasi. "Basi mama akae," akasema. "Tuendelee."

Tukaendelea. Moshi ulinigeukia tena na tena, jasho likanitiririka, ng'ombe wakalia masikioni mwangu. Kwandu alinishika mkono mbele ya wazee wote, bila kuficha. Moto ulipofifia Maduhu aliinuka aongeze samadi. Nikamzuia. Niliinama, nikachukua kipande, nikakiweka mwenyewe. Najivunia kipande kile kuliko pamba yote niliyowahi kuuza.

Nawashukuru Wataturu wale, dereva, wauguzi na daktari, na kaka yangu, ambaye usiku ule alinitafutia maji ya kunywa bila kuambiwa. Sisemi hofu imeisha. Kila kiangazi inarudi, nami naipokea kama mgeni ninayemjua. Wewe uliyepitia moto, mwambie mtu mmoja ukweli wote, hata ule wa mkojo. Nenda zahanati kama unavyokwenda kwa malaria. Anza na moto mdogo, na kaa na anayekujua, hata kama desturi haimpi kigoda.

Na nisije nikasahau. Mwisho wa mazungumzo mshenga aliuliza ni nani anayetoa neno kwa upande wa binti. Watu wote wakamgeukia Maduhu kwa mazoea, naye Maduhu akanigeukia mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Baba yake."