Majani ya Umuko

Thacienne alikuwa jirani yangu hapa Mweso, na mimi sipendi watu wamuseme vibaya. Mwaka wa 1952 bwana yake, Evode, alikuwa kapita, ni kusema musimamizi, wa pepinyeri ya kinina, ule muti wa dawa ya malaria, pale miche inalelewa mbele ya kupelekwa kwa shamba ya Wazungu. Miche ikaanza kuwa ya njano. Kapita aliyemutangulia, miche ilimufia mukononi. Wazungu wakamupiga fimbo, bibi yake akiangalia, wakamufunga kule Masisi, akarudi anakohoa damu. Evode alikuwa anakumbuka hiyo kila siku.

Thacienne akawaza kwao, kule alikozaliwa. Maharagi ya chini ya umuko, ule muti wa maua mekundu, ilikuwa inastawi kila mwaka, hata udongo ukiwa umechoka. Akabeba kitunga, akaenda kwa umuko wa hapa Mweso, akapiga magoti, akakusanya majani yenye kuanza kuoza. Ingine akachanganya na udongo wa miche, ingine akatandika juu.

Sasa, kwetu muti mubaya wa kupigia magoti njo ule. Chini ya umuko wazee walikuwa wanabandwa, ni kusema wanaita mizimu, na muntu aliyebatizwa anauzunguka mbali. Katekista Kanyamibwa akamuona. Akamufuata mupaka kwake, akamuamuru atoe yale majani yote kwa miche, ao jina lake litasomwa kanisani na komunyo hataigusa tena.

"Papa Katekista," Thacienne akajibu, "ni mbolea tu."

"Mbolea, muntu anaipigia magoti?"

Kuokota majani muntu anaokota namna gani, amesimama kama nguzo? Nilikuwa kwa mulango wangu nasikia yote, nikataka kumurukia huyo muzee. Thacienne alikuwa anapenda komunyo kuliko sisi wote. Kesho yake akarudi kwa umuko, muchana kweupe, na kitunga kikubwa zaidi.

Siku ya Mungu jina likasomwa. Akatoka kanisani peke yake.

Miche ilikuwa bado haijabadilika vizuri, tukawa tunaichungulia kila asubuhi, roho juu. Majuma kadhaa yakapita, halafu agronomi, Muzungu wa kuchunguza mashamba, akakuja, na askari nyuma yake. Akapita mustari kwa mustari. Akang'oa muche mumoja, akaangalia mizizi, akauangalia tena. Evode alikuwa amesimama wima. Agronomi akaitika kwa kichwa, akaita askari wake, wakaenda. Miche ilikuwa imerudia rangi yake, jamani! Mimi nililia.

Evode akangoja mupaka askari wakapotea kwa kona ya barabara. Akamugeukia bibi yake, na mimi nikafikiri anataka kumushukuru.

"Niambie kweli," akasema. "Uliomba nani?"

Thacienne akamueleza tena, polepole, kama vile alimueleza katekista. Evode akasikiliza mupaka mwisho, akaitika, lakini macho hayakumuamini.

Waliishi pamoja mupaka Evode alipokufa. Kila jioni, mbele ya kuingia nyumbani, alikuwa anatoa chupa, ananyunyiza maji ya baraka kwa mulango, ya kufukuza mizimu. Ile chupa, Thacienne njo alikuwa anaiosha.