Dada Yangu Kwenye Sinema ya Serikali

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, wanawake wa kijiji chetu juu ya Runyenjes, kule Embu, tulichimbishwa handaki, ili wapiganaji wa msituni wasifikie chakula chetu. Mahomgadi, wenyeji wenzetu waliomlindia mkoloni, walitusimamia kwa fimbo. Dada yangu mkubwa alichimba akiwa mjamzito.

Asubuhi moja alikuja Mzungu mwenye kamera. "Leo hakuna kupigwa," homgadi mkubwa alituambia. "Imbeni." Fimbo zikafichwa nyasini. Tukaimba wimbo wa Kiembu wa kuwatukana mahomgadi na wakubwa wao, kwa kuwa Mzungu hangeelewa, nao mahomgadi hawangetupiga mbele ya kamera. Alipokuwa akirudi kinyumenyume akipiga picha, aliteleza akakalia matope, na dada akacheka mpaka akajishika kiuno.

Wiki chache baadaye alianguka humo humo handakini. Mimba ilitoka, damu ikakataa kukoma. Tulimzika huku homgadi akitukataza kulia kwa sauti.

Kisha likaja gari la sinema. Jioni tulikusanywa uwanjani, upende usipende, mbele ya shuka nyeupe. Sinema sikuwa nimewahi kuona. Ghafla nikamwona dada, mkubwa kuliko nyumba, mzima, anacheka. Mama alimwita kwa jina, akaanza kwenda mbele mikono imenyooshwa. Nilimkamata leso.

Kipaza sauti kikasema kwa Kiswahili, "Wanawake wa Embu wanachimba kwa hiari na furaha."

"Anasema nini?" mama aliuliza. Kiswahili hakukijua.

"Anasema ni wanawake wa Embu."

"Amesema kwamba alikufa?"

"Hapana, mama."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Mwaka jana nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe niliposikia ule wimbo wetu kwenye televisheni. Nilikimbia sebuleni. Dada alikuwa pale, anacheka, na sauti ya kijana, Mkenya kama sisi, ikieleza kwamba hao ndio wanawake waliounga mkono mkoloni.

Mjukuu wangu alinigeukia. "Cucu, kumbe watu wetu walikuwa wasaliti?"

Nikamsimulia yote, hata maneno ya ule wimbo, nikiona haya kuyatamka mbele ya mtoto. Alilia. Lakini mwalimu alikuwa amewapa kazi ya shule kuhusu kipindi hicho cha televisheni, naye akaandika alichosema mtangazaji.

"Nikiandika yako, cucu, nitakosa," aliniambia.

Alipata alama zote.